Mkopo wa vijana wa halmashauri: hauna riba, ila haujui mbalamwezi

Nimekopa benki mara mbili, VICOBA sikumbuki mara ngapi, na mara moja kwa wale wakopeshaji wa riba kali tunaowaita kausha damu, waliokuja kubeba friji yangu mchana kweupe huku jirani mmoja akiwasaidia kuiteremsha mlimani. Kwa hiyo ninaposema mkopo huu ni mzuri, anayesema ni mtu aliyeonja shubiri. Na ninaposema una kasoro, anayesema ni huyo huyo.

Huduma ninayoizungumzia ni mkopo wa asilimia kumi wa halmashauri, upande wa vijana. Kwa asiyejua: kila halmashauri nchini inatakiwa kutenga sehemu ya kumi ya mapato yake ya ndani, asilimia 4 ziende kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Hauna riba. Ukichukua milioni saba unarudisha milioni saba. Mwaka 2018 jambo hili liliingizwa kwenye sheria ya fedha za serikali za mitaa, kwa hiyo si hisani ya diwani wala zawadi ya mtu yeyote, ingawa msimu wa kampeni ukifika utaambiwa vingine. Mwanza mjini tuna halmashauri mbili, Jiji na Ilemela, na ukitoka kidogo unakutana na nyingine. Yetu ni ipi sitasema. Bado tuna marejesho, na mimi akili zangu ni timamu.

Mimi nauza dagaa. Nimeanza nikiwa na mtoto mgongoni, na huyo mtoto sasa ana wake. Kikundi chenyewe si changu, ni cha vijana. Mimi ni mlezi, cheo kisicho na posho ila kina lawama za kutosha.

Mikoa mingine kijiwe ni neno tu, watu wanakaa kwenye benchi au juu ya pikipiki wanasema wako kijiweni. Kwetu ni jiwe kweli. Lipo juu kidogo ya nyumba yangu, kubwa kama basi, na ukikaa pale unaona ziwa lote, unaona na nani anashuka kwenda kazini na nyumba gani imebaki na mtoto peke yake. Vijana wa pale walikuwa kumi na wanne. Walikuwa na jina lao, silitaji, maana jina la namna hiyo likiandikwa linanenepa. Walianza na simu za wapita njia, wakaja mita za maji, wakaja betri za pikipiki. Mwishoni walikuwa na mpaka wao, na kijana wa mtaa wa pili akiuvuka anarudi bila viatu.

Januari 2015, redio zilipotangaza Dar inafunga maduka na watu kukimbizana kwa kuogopa panya road, yale magenge ya vijana waporaji, sisi huku tulitikisa vichwa tukasema hayo ni ya Dar. Wa kwetu wakati huo walikuwa watoto wa shule ya msingi wanaokwepa namba. Hawakushuka kutoka mbinguni. Tuliwaona wakikua, kila mmoja wetu kutoka mlangoni kwake.

Sasa nieleze kitu ambacho mtu asiye wa ziwani hawezi kukijua, na ambacho nadhani waliotengeneza ratiba ya marejesho hawakijui pia. Dagaa huvuliwa gizani. Wavuvi wanawasha taa juu ya maji, zamani karabai, siku hizi nyingi ni za sola, dagaa wanafuata mwanga, wavu unapandishwa. Mbalamwezi ikitoka, taa haina kazi tena, dagaa wametawanyika. Kwa hiyo kila mwezi kuna siku kama kumi mitumbwi inalala. Tajiri mwenye mitumbwi kwake ni wakati wa kuziba nyavu. Mimi mwenye stoo ni wakati wa kuuza nilichohifadhi. Lakini kijana anayebeba ndoo kutoka mtumbwini hadi mchangani kwa ujira wa siku, kwake ni njaa.

Mimi nina daftari la kila kitu, hata la malalamiko ya majirani. Nilipolisoma nyuma nikaona simu zinapotea zaidi mbalamwezi. Sisemi ni utafiti. Nasema ni daftari langu. Mwizi wa kwenye hadithi anapenda giza. Hawa wetu waliiba kwenye mwanga, kwa sababu gizani walikuwa kazini.

Niliingia kwenye mambo haya usiku mmoja wa 2022. Nilisikia “mwizi! mwizi!” nikatoka na kanga moja. Walikuwa wamemzunguka kijana chini ya mwembe, na mmoja alishakwenda kutafuta tairi. Huyo waliyemzunguka alikuwa mtoto wa marehemu mdogo wangu. Uso haukuwa uso. Mzee mmoja aliyekuwa kamanda wa sungusungu enzi za nguvu zao, miaka ya themanini, ndiye aliyewasimamisha wale watu kwa sauti tu. Akaniuliza, “Mayu, huyu ni wako?” Nikasema ni wangu. “Ukisema ni wako, kuanzia leo akiiba umeiba wewe.” Nikasema sawa. Ningesema nini?

Wiki ya pili alipoweza kukaa, wenzake walikuja kumwona, mmoja mmoja, wakipita uani kama paka. Niliwapa uji. Mmoja, tumwite Karabai kwa yale macho yake, ndiye aliyeuliza kama ni kweli serikali inatoa hela kwa vikundi vya vijana bila riba. Nilidhani anatania.

Haya, huduma yenyewe.

Mlango wa kwanza ni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Hapa naweka nyota zote, mpaka za akiba. Ni binti wa umri wa wanangu, ana kata nzima peke yake na meza yenye mguu mmoja uliofungwa kamba, lakini alitueleza masharti kwa utulivu bila kutuangalia kama uchafu. Kikundi kiwe na watu watano au zaidi. Kiwe na katiba, muhtasari wa kikao, viongozi, akaunti ya benki ya kikundi, andiko la mradi. Kila mmoja awe na umri wa miaka kumi na minane na kuendelea, awe na kitambulisho cha taifa cha NIDA au namba yake. Na barua ya mwenyekiti wa mtaa kwamba ni wakazi na wanafahamika.

Nikaangalia wale kumi na wanne wangu. Wenye namba ya NIDA walikuwa watatu. Watano walikuwa hawajafika miaka kumi na minane. Kuhusu kufahamika, hapo hatukuwa na tatizo, walifahamika mno.

Hao watano walitoka siku hiyo hiyo. Afisa aliniambia taratibu, “Mama, hawa kisheria ni watoto, siwezi kuwaweka.” Ana haki, Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema hivyo, na mtoto huwezi kumbebesha deni. Lakini nilimwona mdogo wao, wa miaka kumi na minne, akisimama mlangoni akichezea bawaba, halafu akaondoka bila kuaga. Nitarudi kwake.

Waliobaki tisa, sita hawana NIDA. Ukitaka NIDA uwe na cheti cha kuzaliwa au kitu cha kufanana nacho. Karabai aliletwa mjini na mtumbwi wa mizigo kutoka Ukerewe akiwa na miaka sita hivi, na mjomba ambaye naye alishakufa. Cheti atakitoa wapi? Ikabidi kiapo mahakamani, ikabidi tutafute mtu wa kisiwani anayemkumbuka mama yake, tukampata mzee muuza kamba ambaye alimkumbuka bibi badala ya mama, tukasema inatosha. Kijana mmoja ilichukua miezi mitano. Fedha niliyotumia kwa wote sita, nauli, picha, kiapo, kuchapa na kutoa nakala, daftari linasema shilingi 186,000. Mkopo hauna riba, sawa. Lakini una kiingilio, na kiingilio hicho kijana wa jiweni hana. Akikipata, mnajua atakuwa amekipata wapi.

Barua ya mwenyekiti wa mtaa nayo ina hadithi yake.

“Shikamoo mwenyekiti.”

“Marahaba mama. Barua ya nani?”

“Ya vijana, kikundi.”

“Vijana gani?”

Nikataja. Akavua miwani. “Hawa si ndio walioiba betri ya pikipiki yangu?”

“Ndio hao.”

“Basi betri kwanza.”

Siku ya tatu betri ilirudi, imewekwa mlangoni kwa ofisi asubuhi na mapema. Haikuwa ile. Ilikuwa kubwa zaidi na mpya zaidi. Mwenyekiti aliitazama, akanitazama, akagonga mhuri. Mimi pia sikuuliza. Kwenye fomu kuna sehemu ya mchango wa wanakikundi na nilijiuliza kama betri inahesabika.

Tukafika hatua ya mwisho, andiko limekubaliwa kata, linasubiri juu. Ikawa Aprili 2023, ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ikasomwa, mikopo hewa, vikundi hewa, hela zisizorudi, na mikopo yote ya asilimia kumi ikasimamishwa nchi nzima. Sikulaumu uamuzi. Mimi mwenyewe najua kikundi cha watu ambao hawajawahi kukutana ila siku ya kupiga picha. Lakini waliosababisha walikuwa wameshakula na kunawa, na waliobaki na sahani tupu ni wale waliokuwa kwenye foleni. Jaribu kumweleza kijana aliyeacha kuiba kwa miezi sita akisubiri hela ya serikali kwamba sasa asubiri tena kwa sababu wengine waliiba kwa kalamu. Karabai alicheka mpaka akakohoa. “Mama, kumbe tulikosea chombo.”

Karibu mwaka na nusu wa kusubiri. Hapa ndipo ninapotaka nikae kidogo, kwa sababu nikitazama nyuma nadhani kazi yote ilifanyika hapa, wakati huduma yenyewe imefungwa.

Kila Jumapili jioni tulikutana uani kwangu. Mwanzoni nilisema ni kwa ajili ya hisa, shilingi elfu moja kila mtu, ili akaunti isife. Ukweli ni kwamba walikuja kwa sababu ya mihogo. Nilikuwa nachemsha mihogo sufuria kubwa, na dagaa wa kukaanga na pilipili, chai ya rangi. Wakila wanasema. Ndipo nilipojua nani anadaiwa na nani, nani amepigwa na askari, nani amempa mimba binti wa watu na anaogopa kwenda kwao. Tulikwenda kwao. Yule mzee wa sungusungu alikuwa anakuja pia, anakaa pembeni na redio yake, hasemi kitu, ila mtu akipitiliza maneno anazima redio. Sijawahi kuona silaha yenye nguvu kama ile redio ikizimwa.

Afisa wetu alikuja Jumapili nne au tano, kwa nauli yake. Siku moja alikuja na mwenzake wa ustawi wa jamii, wakamsaidia mmoja kurudi kwao Sengerema kuongea na baba yake. Hakuna aliyelipwa. Kwenye bajeti ya halmashauri yoyote niliyowahi kuiona imebandikwa ubaoni, hakuna kifungu cha mihogo.

Wawili tuliwapoteza wakati huo huo. Mmoja alikwenda machimboni Geita, na heri huyo, anapiga simu. Mwingine alirudi kwenye betri na yuko gereza la Butimba. Nilikwenda kumwona. Kitu cha kwanza kuuliza kilikuwa kama hisa zake bado zipo. Zipo.

2024 mikopo ikarudi. Halmashauri kumi zikawekwa kwenye majaribio ya kukopesha kupitia benki, sisi tukabaki kwenye utaratibu wa ofisi ulioboreshwa, na kila kitu kwenye mfumo wa kompyuta. Tulianza upya. Fomu mpya, muhtasari mpya, picha mpya, maana picha za zamani kulikuwa na wawili wasiokuwepo.

Mfumo ukifanya kazi ni mzuri, sisemi uongo. Unaona ombi lako limefika wapi, na mtu hawezi kulikalia kwenye droo. Tatizo ni siku ambazo “mfumo unasumbua.” Nimepanda zile ngazi za ofisi mara kumi na moja, na mara sita jibu lilikuwa hilo. Kuna meza moja pale, sitaitaja, ambayo mfumo unasumbua kuanzia saa sita mchana kila siku kama saa ya swala. Na siku ya wakaguzi kuja kuona eneo la mradi, dereva alinieleza kwa kirefu jinsi gari lilivyo na mafuta kidogo. Sikuelewa kwa nini mimi ndiye ninayeambiwa. Nilikuja kuelewa nikiwa kitandani usiku. Wakaguzi walifika hata hivyo, na bila hela yangu, kwa sababu afisa wetu aliwapandisha bajaji hadi mwaloni, kule ufukweni, akasema wakaguzi hawana haja ya kubebwa na lori kukagua dagaa.

Wakaguzi waliuliza swali moja lililonishangaza: kwa nini hamuombi bajaji? Kila kikundi cha vijana kinaomba bajaji au bodaboda, ni rahisi kukagua, ina namba. Nikawaambia hawa vijana wanajua kitu kimoja duniani, nacho ni dagaa. Wanajua kwa pua kama ni wa jana. Nyie wapeni chanja.

Maana dagaa wa kuanikwa mchangani ana mchanga, na wa kwenye chanja, juu ya wavu, ni msafi, anakauka pande zote, na mteja wa kutoka Congo au Zambia anayekuja soko la Kirumba Mwaloni anampitishia mkono tu akajua. Bei haifanani kabisa. Hilo ndilo lilikuwa andiko letu zima. Mengine yalikuwa maneno ya kujaza kurasa.

Tuliomba milioni 12. Tukapewa milioni 7. Hakuna aliyetueleza tano zimekatwa kwa nini, na kama ni kipimo, tungependa kukijua kabla. Lakini siku hela iliposoma kwenye akaunti, vijana saba walikaa kimya benki nje, kwenye ngazi, dakika nzima. Mmoja akasema, “Yaani hawajatuuliza tena tulikuwa nani.” Niliangalia pembeni.

Tukanunua miti, nyavu za kuanikia, turubai, na mtaji wa kununua dagaa wabichi. Vichanja sita. Mafunzo ya siku mbili kabla ya hela yalikuwa ya kusoma karatasi ukutani, ila mama mmoja wa biashara alifundisha kutenganisha hela ya kikundi na ya mfukoni kwa kutumia makopo mawili, na hicho ndicho kitu pekee wote saba wanakikumbuka.

Sasa marejesho. Tulipewa miezi mitatu ya kupumua, halafu kila mwezi tarehe ile ile. Hesabu ya karatasini iko sawa. Lakini tarehe haimjui mwezi aliye juu. Miezi mingine tarehe ya rejesho inakuja katikati ya giza, vijana wana hela, wanalipa wanacheka. Miezi mingine inakuja mwishoni mwa mbalamwezi, siku kumi hakuna dagaa, na makopo yote mawili yamekauka. Juu ya hilo, masika ya kwanza mvua ilitukamata na vichanja vimejaa. Turubai lilifunika vinne. Mzigo wa viwili uliooza tuliuza kwa watu wa chakula cha kuku, kwa bei ambayo sitaki kuikumbuka.

Rejesho la mwezi ule lilipita bila kulipwa, na lililofuata tulilipa nusu. Ikaja barua yenye maneno “hatua za kisheria.” Mimi barua za namna hiyo nimezizoea, ile friji nayo ilitanguliwa na barua. Lakini vijana waliposoma neno “polisi” mstari wa tatu, wawili hawakulala nyumbani wiki nzima. Mtu aliyeandika barua ile aliandika kwa mdaiwa wa kawaida. Hakujua kwamba kwa kijana aliyetoka jiweni, karatasi ile inasema kitu kimoja tu: kimbia. Tungeweza kupoteza kikundi kizima kwa sentensi moja.

Afisa wetu alituandikia ombi la kubadilisha ratiba, malipo makubwa miezi ya mavuno na madogo pale mbalamwezi inapoangukia tarehe. Jibu: mfumo unakubali kiasi kimoja, tarehe moja. Basi tukajitengenezea wenyewe kopo la tatu. Kila usiku wa giza linaingia fungu dogo, na ni marufuku kulifungua mpaka mbalamwezi. Yule mzee ndiye anayelala nalo. Tangu kopo hilo lianze hatujakosa rejesho.

Je, wizi umekwisha? Wa hawa saba, naamini ndiyo, na ninalala milango wazi kuonyesha ninaamini, ingawa friji mpya nimeifungia mnyororo. Lakini jiwe halikukaa tupu. Nilidhani tukiwatoa wakubwa jiwe litapumzika. Wiki ya pili tu tangu hela itoke, nilitazama juu nikaona vichwa. Wale watano waliokataliwa kwa umri, na wadogo zao wengine. Yule aliyekuwa akichezea bawaba ndiye aliyekaa mahali pa Karabai, mkao ule ule, mguu mmoja ukining'inia.

Binti wa dada yangu anasoma ustawi wa jamii, na nilipomlalamikia alinisomea habari za Los Angeles, Marekani, jiji ambalo magenge yake yamekuwa maarufu kuliko shule zake. Kule ofisi ya meya ilianzisha mwaka 2007 mpango wake wa kupunguza magenge na kuendeleza vijana, GRYD wanauita, na upande wa kinga wanawachukua watoto wa miaka 10 hadi 15. Kumi! Kabla hawajawa na jina. Wanakaa na familia nzima, siyo mtoto peke yake. Halafu kuna watu wanaolipwa na jiji, wengi wao waliwahi kuwa kwenye magenge hayo hayo, kazi yao ni kufika pale palipomwagika damu na kuzuia kisasi. Na tangu 2008 kila kiangazi wanawasha taa kwenye viwanja vya michezo usiku, kuna mpira, kuna chakula, ili saa zile mbaya ziwe na mahali pa kwenda. Nikamwambia mwanangu, hiyo ni mihogo. Wamarekani wameweka mihogo kwenye bajeti.

Silinganishi mifuko, ile nchi ina hela za kuchezea na bado ina magenge. Nalinganisha mahali mlango ulipowekwa. Wao wamefungua kwenye miaka kumi. Sisi tumefungua kwenye kumi na minane, na kanuni za 2024 zikaupanua mlango, lakini kwa upande wa pili: kijana sasa anafika hadi miaka 45, zamani ilikuwa 35. Nawapenda watu wa miaka arobaini na tano, mume wangu alikuwa huko juzi tu. Ila mtu wa miaka arobaini na mbili mwenye duka, NIDA, na shemeji halmashauri, akipanga foleni moja na Karabai, mnadhani nani anafika dirishani kwanza?

Kwa mwenye kikundi anayefikiria kuomba: omba. Usiende kwa kausha damu wakati hii ipo. Anza na NIDA kabla ya katiba, maana katiba unaiandika kwa usiku mmoja. Usiandike mradi wa bajaji kwa sababu wengine wameandika. Uliza mapema fedha inayotoka kwa kawaida ni kiasi gani, uandike kwa kiasi hicho. Weka risiti ya hata msumari. Kama biashara yenu ni ya ziwani, tengenezeni kopo lenu la mbalamwezi siku hela inapoingia, msisubiri barua. Na mkiwa na vijana wa namna ya wangu, mtafute mtu mzima mmoja asiye na haraka, mwenye redio.

Nyota tatu na nusu. Moja na nusu nimezishikilia mimi, ziko kopo la tatu.

Jumapili iliyopita afisa alipita, amebeba fomu za kikundi kwa ajili ya ukaguzi. Akahesabu watu uani: saba wa kikundi, mzee, mimi, na wanne wadogo waliokaa karibu na jiko, mmoja wao yule wa bawaba, mdomo umejaa.

“Mama, hawa hawapo kwenye fomu.”

“Najua. Na mihogo haipo. Kaa, bado ya moto.”